Pingili moja imeshabonyea: mama mwenye mifupa dhaifu afanye mazoezi gani?

Swali

Assalaam alaykum. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi naye Wete. Mwaka jana aliteleza chooni akavunjika kifundo cha mkono, mfupa ukaunga. Miezi minne iliyopita aliinama kunyanyua ndoo ya maji, akashikwa na maumivu makali mgongoni. Eksirei ilionyesha pingili moja ya katikati ya mgongo imebonyea, daktari akasema ni osteoporosisi, mifupa imedhoofika. Anatumia kalsiamu, vitamini D na kidonge cha alendroneti mara moja kwa wiki. Maumivu yamepungua sana. Kaambiwa afanye mazoezi, lakini hakuelezwa yapi. Jirani anasema akitembea mpaka bandarini kila asubuhi inatosha. Mpwa wangu anayekwenda jimu kamfundisha kuinama kugusa vidole vya miguu, na kulala chali kisha kuinuka kitako. Mama mwenyewe anaogopa, anaona bora akae tu. Nimsikilize nani? Na mimi mwenye miaka 46 nifanye nini nisifike huko?

Jibu

Waalaykum salaam, dada. La haraka kwanza: mazoezi ya mpwa wako yasimame leo hii, yote mawili. Kijana ana nia njema, na kwa vijana wenzake hayo ni mazoezi ya kawaida, lakini kwa mgongo wa bi mkubwa ndiyo hasa yanayovunja. Jirani yuko sahihi nusu. Na bi mkubwa, hofu yake ina sababu, ila kukaa tu ndiko kutakakomrudisha hospitali, kwa sababu mfupa usiobebeshwa kitu hupungua na misuli isiyotumika hushindwa kumzuia mtu anapoteleza.

Pingili za mgongo kwa ndani si mfupa mgumu kama wa muundi. Ni mfupa wa matundumatundu wenye ganda jembamba, na ndio unaoliwa mwanzo na ugonjwa huu. Mtu akisimama wima, uzito wake hugawika juu ya pingili nzima. Akiinama kwa kukunja mgongo, uzito wote huhamia ukingo wa mbele, na misuli ya nyuma nayo hukaza kwa nguvu kumzuia asianguke kifudifudi, ikizidi kuukandamiza ukingo huo huo. Ukishindwa, pingili hubonyea kwa mbele na kubaki na umbo la kabari. Kuanzia hapo mgongo umeinama kidogo moja kwa moja, na pingili za jirani zinabeba zaidi ya zilivyokuwa zikibeba. Ndiyo maana aliyebonyea pingili moja yuko karibu sana na ya pili.

Mwaka 1984 Sinaki na Mikkelsen wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokoma hedhi na wenye mifupa dhaifu ya mgongo. Kati ya waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kuelekea nyuma, asilimia 16 walipata madhara mapya ya pingili. Kati ya waliofanya ya kukunja mgongo mbele, kama hayo ya mpwa wako, ni asilimia 89. Wasiofanya zoezi lolote walikuwa asilimia 67. Kundi lilikuwa dogo na tarakimu hizo zisichukuliwe kama kipimo cha kila mtu, lakini mwelekeo wake unakubaliana na jinsi pingili inavyobeba mzigo, na mpaka leo wataalamu wa viungo wanaufuata. Angalia hiyo 67 pia: kukaa tu hakukuwaokoa.

Kwa hivyo kinachotafutwa ni mzigo wa kutosha, unaoongezeka kidogo kidogo, juu ya mgongo ulionyooka. Mgongo uliopinda, na hasa uliopinda na kujizungusha kwa wakati mmoja, usibebe kitu.

Kabla ya zoezi lolote: kuinama kwa nyonga

Huu ni mwendo mmoja tu, lakini asipoujua mengine yote yatamdhuru. Wiki ya kwanza yote iwe ya kujifunza huu.

Tafuta mpini wa fagio ulionyooka. Mama asimame akiupa ukuta mgongo, visigino vikiwa mbali na ukuta kiasi cha sentimita 15, miguu ikiachana kwa upana wa nyonga. Weka mpini wima mgongoni mwake, uushike wewe, yeye asijisumbue kwa mkono uliovunjika. Mpini uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu ya makalio. Alegeze magoti kidogo, kisha asukume makalio nyuma kuutafuta ukuta, kifua kikija mbele chenyewe. Makalio yakigusa ukuta, abane makalio na kurudi wima. Mara 10, polepole, bila ya kuzuia pumzi.

Sehemu moja ya mpini ikiachana na mwili, hapo ndipo mgongo ulipoanza kupinda. Arudi juu kidogo, na huo ndio mpaka wake wa siku hiyo. Makosa yanayotokea sana ni mawili. La kwanza ni kukunja magoti mengi badala ya nyonga, ikawa anachutama. La pili ni kuangalia miguu: kidevu kikishuka, mgongo wa juu hukifuata. Mwekee kitu cha kutazama sakafuni, mita mbili mbele yake. Kama tayari ana kibyongo na kisogo hakifiki kwenye mpini, msilazimishe shingo irudi nyuma. Sehemu mbili za chini zinatosha.

Akishaujua, autumie kila mahali: kuchukua sufuria ya chini, kufungua kabati, kutandika kitanda. Rukuu ya sala nayo ni mwendo huu huu, mgongo sawa na mikono magotini.

Mazoezi ya nguvu, siku mbili kwa wiki

Chagueni siku mbili zisizofuatana, tuseme Jumamosi na Jumanne. Nusu saa inatosha. Siku za katikati ndizo misuli inapojijenga, kwa hiyo kuzijaza kwa zoezi lile lile si faida.

Zoezi la kwanza na la maana kuliko yote ni kukaa na kuinuka. Tumia kiti kigumu kisicho na magurudumu kilichoegemezwa ukutani, au baraza ya nje ikiwa urefu wake ni kama sentimita 45. Akae kwenye ukingo wa mbele, nyayo ziwe zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Apeleke kifua mbele kwa nyonga, kama alivyojifunza, mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha asukume sakafu na kusimama kwa hesabu ya mbili. Kukaa kuwe kwa hesabu ya nne. Hapo kwenye kukaa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui: watu hushuka vizuri, halafu sentimita 10 za mwisho wanajibwaga. Ule mshindo wa kitako hupanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, na zipo pingili zilizobonyea kwa kujibwaga kitini tu. Akijibwaga, kiti ni kifupi kwake. Ongeza mto mgumu au blanketi lililokunjwa, ashuke kwa amani, kisha mlipunguze baada ya wiki mbili tatu. Magoti yakiingia ndani, mfunge kitambaa kilegevu juu ya magoti, na yeye ayasukume nje kukikaza.

Aanze mara 8, apumzike dakika mbili, mara 8 tena. Akifika mara 12 kwa mizunguko mitatu na bado anaweza kuongea bila taabu, zoezi limekuwa jepesi, na zoezi jepesi haliujengi mfupa. Hapo ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono, mikono ikining'inia ubavuni. Hizo ni kilo tatu kwa jumla. Asikumbatie mzigo mbele ya kifua kwa sasa, maana kitu kilicho mbele kinauvuta mgongo kupinda. Kila mnapoongeza, ongezeni nusu kilo kila mkono, si zaidi, na mkae hapo wiki mbili. Kipimo cha uzito unaofaa ni kwamba mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, lakini zifanane na za mwanzo. Mwili ukianza kuyumba, zimekwisha hata kama hesabu haijatimia.

La pili ni misuli ya mgongo wenyewe. Wiki mbili za mwanzo afanye akiwa amekaa: akae wima mbele ya kiti, avute mabega nyuma na chini, kidevu kiingie ndani kidogo, ashikilie sekunde 5, alegeze. Mara 10. Baadaye alale kifudifudi juu ya godoro gumu, mto mwembamba chini ya tumbo, mikono ubavuni. Anyanyue kichwa na mabega kwa pamoja sentimita chache tu, macho yakiendelea kutazama godoro, ashikilie sekunde 3 mpaka 5. Mara 8, na baada ya miezi miwili mizunguko miwili. Lengo si kupanda juu. Anayejikunja nyuma kama upinde anaumiza viungo vidogo vya nyuma ya mgongo na hapati nguvu ya ziada. Watafiti wa Mayo Clinic waliwafuatilia wanawake walioyafanya mazoezi ya aina hii kwa miaka 2, na mwaka 2002 wakaripoti kwamba hata miaka kadhaa baada ya kuyaacha, pingili zilizobonyea zilikuwa chache kuliko za wenzao wasioyafanya. Kama kulala kifudifudi kunamuuma, asilale. Lile la kukaa liendelee.

Kupanda na kushuka kitandani nako kuna namna. Akae ukingoni, alale ubavu huku akinyanyua miguu, kisha ageuke mzima, mabega na nyonga kwa pamoja. Kuamka ni kinyume chake. Kuinuka moja kwa moja kutoka kulala chali ni lile lile zoezi la mpwa.

La tatu ni kusukuma ukuta, kwa ajili ya mikono na hasa kile kifundo. Viganja ukutani usawa wa mabega, miguu nyuma kiasi cha sentimita 50, mwili mzima uwe mstari mmoja. Akunje viwiko kuukaribia ukuta, asukume kurudi. Mara 8 mpaka 12, mizunguko miwili. Kifundo kikiuma kwa kukunjwa, asukume kwa ngumi badala ya kiganja.

La nne, kupanda juu ya vidole vya miguu akishika kiti, na kushuka taratibu. Mara 12. Fupi na rahisi, lakini misuli hiyo ya nyuma ya muundi ndiyo inayomdaka mtu anapojikwaa.

Tumbo nalo lisisahauliwe, maana ndilo alilokuwa akilitafuta mpwa. Alale chali, magoti juu, abane tumbo kama anayefunga kibwebwe, kisha atelezeshe kisigino kimoja mbele mpaka mguu unyooke na kukirudisha. Mara 8 kila mguu. Kichwa na mabega havinyanyuki.

Usawa wa mwili, kila siku

Mfupa wa nyonga mara nyingi huvunjika kwa kuanguka, na mama ameshaanguka mara moja. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 na Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban asilimia 23, na yanayofanya kazi ni yale yanayoupa taabu usawa wa mwili. Kusimama kwa raha hakufundishi kitu.

Mweke kwenye kona ya chumba, kuta mbili zikiwa nyuma yake na kiti mbele yake. Akiyumba popote atapata pa kushika. Asimame unyayo mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10 akishika kiti kwa mikono miwili, kisha kwa mkono mmoja, kisha kwa kidole. Akifika sekunde 30 bila ya kushika, aende kwenye mguu mmoja. Akiweza huo, ageuze kichwa kushoto na kulia akiwa hapo. Halafu kutembea kisigino kwa vidole kandokando ya ukuta, hatua 10 kwenda na 10 kurudi. Dakika 15 mpaka 20 kwa siku, hata zikigawika mara tatu. Asifanye akiwa na soksi, wala na ndara zilizolegea. Miguu mitupu kwenye sakafu kavu ni bora.

Sasa matembezi ya jirani. Yaendelee, kwa moyo, presha, sukari na usingizi. Ila kutembea kwa mwendo wa kawaida hakuongezi uzito wa mfupa kwa kiasi cha kutosha. Mfupa umeshauzoea mzigo huo tangu utotoni. Ndiyo maana nikasema yuko sahihi nusu. Yafanyeni yawe na faida zaidi: dakika 20, na kila baada ya dakika tatu dakika moja ya haraka, kiasi cha kuhema lakini aweze kusema sentensi. Vilima vya Pemba vinafaa sana kwa kupanda. Kwenye kuteremka awe na mtu au fimbo, na wakati wa masika, udongo ukilowa, atembee ndani ya nyumba au kwenye lami. Kuruka na kukimbia si kwake, kwa kuwa ameshabonyea pingili. Kuogelea na baiskeli ya mazoezi hazina ubaya kwa viungo na moyo, lakini mwili ukibebwa na maji au na kiti, mfupa haupati kazi.

Kazi za nyumbani zinamvunja kuliko zoezi

Mama anafanya mazoezi nusu saa mara mbili kwa wiki, na siku nzima anainama. Hapa ndipo ningeomba muangalie kwa makini zaidi.

Mbuzi ya kukunia nazi ndiyo ya kwanza. Mtazame akikuna: amekaa karibu na ardhi, magoti yako juu ya nyonga, mgongo umepinda mviringo, na mikono yote miwili inasukuma kwa nguvu huku mabega yakizunguka. Ni kupinda, kubeba na kujizungusha kwa pamoja, mara mamia. Nazi akune mwingine. Ikibidi akune yeye, mbuzi iwekwe juu ya benchi pana lisilotikisika, akae juu yake nyonga zikiwa juu ya magoti, na asizidishe nusu ya nazi kwa mkao mmoja.

Fagio la chelewa lifungwe kwenye mti mrefu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Asiishike tena, wala asibebe chochote kichwani. Baada ya miezi mitatu ya mazoezi mazuri anaweza kuanza vidumu viwili vya lita 5 vilivyojazwa nusu, kimoja kila mkono, avichukue kutoka juu ya meza, si chini. Msimu wa karafuu, kuchambua kufanyike mezani akiwa kitini, na aliyekaa jamvini awe mwingine. Kugeuza karafuu zilizoanikwa kufanywe kwa mti mrefu wenye ubao mwishoni, akiwa amesimama wima na akihama kwa miguu, asijizungushe kiunoni.

Chooni na kwenye kutawadha kunahitaji kutazamwa leo kabla ya kesho. Kunyanyua mguu mmoja kuupeleka bombani juu ya sakafu iliyolowa ni zoezi gumu la usawa linalofanywa mara tano kwa siku, kwanza yake gizani kabla ya alfajiri. Mwekee kibao imara cha kukalia cha urefu wa kiti, mpira wa sakafuni usioteleza, chuma cha kushika kilichochomekwa ukutani kwa skrubu, na taa au tochi ya kuchaji kwa siku za umeme kukatika.

Sala: akiwa hana maumivu, kusujudu hakukatazwi, kwa sababu uzito unapokewa na mikono na magoti. Hatari iko kwenye kushuka na kuinuka. Awe na kiti kizito ubavuni, ashuke kwa goti moja, ainuke kwa goti moja. Maumivu yakirudi asali kitini, na hapo kuna kosa linaloonekana misikitini kila siku: mtu aliyekaa kitini anajikunja mpaka kifua kinakaribia magoti. Hiyo ni mbaya kwa mgongo kuliko sijda ya chini. Aashirie tu, kwa kupeleka kifua mbele kidogo kutoka nyonga, na sijda izidi rukuu kidogo. Kwa upande wa hukumu muulizeni sheikh wenu; rukhsa ya mgonjwa inajulikana.

Na tafadhali, asikandwe mgongo kwa nguvu, asikanyagwe, asialishwe viungo. Mkandaji mwenye mikono mizuri hawezi kujua kwa kugusa ni pingili gani imebonyea, na mgandamizo wa kiganja kimoja unaweza kuibonyeza nyingine au kuvunja ubavu. Kupakwa mafuta na kusuguliwa taratibu hakuna neno.

Kidonge cha wiki nacho kina uhusiano na haya yote. Alendroneti humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, na kwa nusu saa mtu asilale wala asile, maana kidonge kikirudi juu kinaunguza umio. Siku hiyo asifanye zoezi la kulala katika nusu saa hiyo. Ni wakati mzuri wa mazoezi ya usawa, kwani atakuwa wima. Mazoezi hayachukui nafasi ya kidonge.

Uchovu wa misuli kwa siku moja au mbili baada ya zoezi ni kawaida. Maumivu mapya makali katikati ya mgongo, maumivu yanayozunguka mbavu kama mkanda, au yanayomwamsha usiku, asimamishe kila kitu apigwe picha tena. Miguu ikiingia udhaifu, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, ni hospitali siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, zoezi lisubiri mpaka daktari aishushe. Hospitalini, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani, ulizieni fiziotherapia, mtu wa viungo amtazame akiinama na akiinuka walau mara moja. Mchukulie na picha yake ya eksirei.

Msitarajie mfupa uonyeshe tofauti upesi. Mzunguko mmoja wa mfupa kula ule wa zamani na kujenga mpya huchukua kama miezi 4 mpaka 6, kwa hiyo kipimo cha uzito wa mifupa kabla ya mwaka hakina la kusema. Nguvu ndiyo inayoonekana mapema. Leo mhesabie ni mara ngapi anainuka kitini kwa sekunde 30, mikono ikiwa kifuani. Kwa mwanamke wa miaka 65 mpaka 69, chini ya mara 11 ni dalili kwamba yuko kwenye hatari ya kuanguka. Andikeni ukutani, mrudie baada ya wiki 8.

Na wewe, dada

Hujavunjika, na mfupa wako bado unaweza kupewa kazi kubwa zaidi. Miaka michache ya mwanzo baada ya kukoma hedhi ndiyo mfupa unapopungua kwa kasi, kwa hiyo sasa ndio wakati. Mfupa huitika mzigo wa ghafla, mfupi na wa aina tofauti, halafu huchoka kusikiliza. Mirindimo mingi mfululizo haiongezi kitu. Ruka juu papo hapo mara 10, utue kwa magoti laini, pumzika dakika moja, urudie mpaka zifike 50. Siku nne au zaidi kwa wiki. Kuruka kamba au kupanda ngazi kwa haraka kunahesabika. Mkojo ukivuja unaporuka, anza na kukanyaga kwa kishindo ukiwa umesimama, na ufanye mazoezi ya kubana njia ya mkojo kabla ya kuongeza. Kama magoti au presha vina matatizo, pata ushauri kwanza.

Nguvu kwako ni mara mbili kwa wiki na uzito wa kweli. Huko Australia, utafiti uitwao LIFTMOR, uliochapishwa 2018, uliwachukua wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua, wakanyanyua vyuma vizito mizunguko 5 ya mara 5, pamoja na kuning'inia na kutua kwa mshindo, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi 8. Uzito wa mifupa ya kiuno uliongezeka kwa asilimia 2.9, wakati kundi la mazoezi mepesi lilipoteza asilimia 1.2. Lakini kila kikao kilikuwa na msimamizi mwenye ujuzi, na mwezi wa kwanza ulikuwa wa kujifunza mwendo kwa uzito mdogo. Hilo si la kuiga kutoka kwenye simu. Kama mpwa wako yuko tayari, mwambie ajifunze kukusimamia kunyanyua kutoka chini kwa mgongo ulionyooka, muanze na dumu la lita 5 juu ya kiti, mshushe hadi sakafuni wiki kwa wiki. Na umwonyeshe ule mpini wa fagio. Mwezi wa kwanza hata yeye autumie kukukagua kila unapoinama.